Kabla ya minofu kulikuwa na furu

Siku hizi huwezi kumaliza hotuba ya kiongozi bila kukutana na maneno "kuongeza thamani". Tuongeze thamani mazao yetu, tujenge viwanda, tuache kuuza malighafi. Nani atapinga? Hata mimi sipingi. Ila kuna swali dogo ambalo huwa halifuatii: thamani iongezeke kwa nani? Kwa mkulima na mvuvi, kwa mwenye kiwanda, kwa hazina ya serikali, au kwa mlaji wa nchi nyingine? Hayo ni mambo manne tofauti, na sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kuyatenganisha, kwa sababu hadithi hii tumeshaiishi zaidi ya mara moja.

Naanzia Nyegezi, kusini kidogo ya jiji la Mwanza. Vijana wengi wanaijua Nyegezi kwa sababu mbili: stendi ya mabasi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino walioko hapo jirani. Wanaofuatilia mambo ya uvuvi wanajua pia kwamba Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, kituo cha TAFIRI na maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba katika miaka ya 1970 huko ndiko yalikowekwa matumaini makubwa ya nchi kuhusu usindikaji wa samaki wa ziwa hili. Na matumaini yenyewe hayakuwa ya sangara. Enzi hizo sangara alikuwa bado hajaonekana kwa wingi upande wetu. Matumaini yalikuwa ya furu.

Furu ni nani? Kama umezaliwa baada ya 1985 inawezekana hujawahi kumla. Ni samaki wadogo, wengi hawazidi urefu wa kiganja, wenye miiba mingi na rangi za kila namna. Wanasayansi wanawahesabu kuwa zaidi ya aina 500 zilizokuwa zikipatikana Ziwa Victoria tu, na wataalamu wa elimu ya viumbe duniani kote wanalitaja ziwa letu darasani kwa sababu yao: aina nyingi kiasi hicho zilizotokea ndani ya muda mfupi sana kwa saa ya kijiolojia. Lakini mama wa Ukerewe au Sengerema hakuwa na haja ya elimu hiyo. Kwake furu alikuwa kitoweo cha bei ndogo. Mtoto aliweza kumvua kwa ndoana, watu wazima wakamvua kwa kokoro, akakaushwa juani, akapikwa, akaliwa na ugali wa mtama au wa muhogo. Ndivyo ilivyokuwa.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewe jinsi tulivyofika kwenye kiwanda. Nyavu za kisasa za makila ziliingia ziwani mwaka 1905 upande wa Kenya. Reli ya Uganda ilikuwa imeshafika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Nyavu pamoja na reli maana yake ni soko, na soko lilitaka samaki wakubwa: sato wa asili (yule ambaye Wajaluo humwita ngege) na ningu aliyekuwa akipanda mitoni kutaga. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi ziwani, na tayari wakati huo wasiwasi ulikuwa kwamba sato anavuliwa kupita kiasi. Miaka iliyofuata haikuleta nafuu. Kufikia miaka ya 1960 samaki wale wawili walikuwa wamepungua sana, na wavuvi wakapunguza matundu ya nyavu ili wapate chochote kilichobaki.

Kwa hiyo nchi tatu mpya zilirithi ziwa ambalo samaki wake wa biashara walikuwa wamechoka. Swali la wapangaji wa maendeleo likawa: kuna nini kingine humu ndani?

Jibu lilipatikana kati ya 1969 na 1971. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lenye makao yake Jinja, likisaidiwa na Umoja wa Mataifa, lilikokota wavu chini ya ziwa sehemu baada ya sehemu na kupima kilichopanda. Matokeo yake yalishangaza. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa walikuwa furu! Maelfu kwa maelfu ya tani, na kwa macho ya mtaalamu wa uvuvi walikuwa wamekaa tu bila kazi.

Hapo naomba msomaji usimame kidogo na kutazama lugha. Katika ripoti na mijadala ya enzi zile kundi hili la samaki liliitwa, kwa Kiingereza, samaki takataka. Hawana bei, wana miiba, ni wadogo, hawasafiri vizuri. Mtu wa pwani ya ziwa anamla kila siku, lakini kwa kuwa chakula hicho hakipiti kwenye mizani ya mnunuzi wala hakiingii kwenye takwimu za mauzo ya nje, kwenye karatasi kinaonekana kama takataka. Na takataka ikipatikana kwa wingi mpangaji huuliza swali moja tu: tuifanye nini? Jibu likawa: tuisage tupate unga wa samaki wa kulisha kuku na mifugo.

Tusiwacheke waliofikia uamuzi huo. Jiweke kwenye viatu vya mtumishi wa wizara wa mwaka 1973. Azimio la Arusha lina miaka sita. Nchi inataka viwanda vyake, inataka mayai na nyama, inataka kuokoa fedha za kigeni. Mbele yako kuna ripoti ya kitaalamu inayosema protini ipo kwa tani nyingi karibu na mji wenye reli na bandari. Ungekataa? Mimi nadhani ningesaini.

Basi mwaka 1973 meli ndogo za trola zikaanza kukokota nyavu kwenye Ghuba ya Mwanza zikitafuta furu, na katikati ya muongo huo kiwanda cha unga wa samaki kikasimama Nyegezi. Hapo mnyororo mzima ulikuwa umekamilika kwenye karatasi: meli, gati, kiwanda, unga, kuku.

Kilichokosekana ni kujua samaki wenyewe wanaishije. Furu si kama dagaa. Jike la furu hutaga mayai machache na kuyatunza mdomoni mpaka yaanguliwe, na aina nyingi hukaa kwenye eneo dogo, ghuba hii au mwamba ule. Samaki wa namna hiyo ukimkokota kila siku mahali pamoja, hatoki upande mwingine wa ziwa kuja kujaza pengo. Kwenye ramani ya wapangaji furu walikuwa rundo moja kubwa. Ziwani walikuwa mamia ya marundo madogo. Ndani ya miaka michache mavuno ya trola kwenye Ghuba ya Mwanza yalianza kushuka, na aina kubwa kubwa ndizo zilizotangulia kupungua.

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilikuja Mwanza kuwachunguza furu hawa. Walijikuta kama daktari aliyefika kumpima mgonjwa akakuta anaaga dunia. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika baadaye kitabu kizima juu ya kisa hicho, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Inasikitisha kidogo kwamba kisa cha Ghuba ya Mwanza kinasomwa zaidi Ulaya kuliko Mwanza.

Kilichowamaliza furu hakikuwa trola peke yake. Sangara alikuwa ameshaingizwa ziwani upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, na akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja ile ile: tumgeuze yule samaki mdogo asiye na bei awe samaki mkubwa mwenye bei. Wapo wataalamu waliopinga, mmojawapo Geoffrey Fryer aliyeandika kulipinga wazo hilo mwaka 1960. Hawakusikilizwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini sangara alionekana mmoja mmoja. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ghafla akajaa. Ghuba ya Mwanza ililipuka kwa sangara kati ya 1983 na 1985, na furu wakatoweka kama moshi. Watafiti wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Baadhi zimerudi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo furu hajaisha kabisa, lakini ziwa lile la zamani halipo tena.

Na kiwanda? Mnyororo uliokamilika kwenye karatasi ulikosa pete ya kwanza. Kiwanda kilichobuniwa kwa ajili ya furu kilijikuta kwenye ziwa lisilo na furu. Haikuchukua hata miaka kumi na tano tangu ile ripoti ya utajiri.

Sasa tuwe waadilifu: sangara hakuleta msiba tu. Mavuno ya ziwa zima, nchi zote tatu, yalipanda kutoka takriban tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi karibu tani 500,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka vitani mwaka 1979, haina fedha za kigeni, sabuni na sukari ni za foleni. Ghafla ziwani kuna samaki mwenye uzito wa mtoto wa shule. Wapo waliomwita mkombozi, na ukikumbuka hali ya miaka ile huwezi kuwalaumu. Mwanzoni watu hawakujua kumpika kwa sababu ya mafuta yake mengi, na huwezi kumwanika tu juani kama furu, lazima umbanike au umkaange, jambo lililokula kuni nyingi sana. Lakini walijifunza. Kwa miaka michache sangara alikuwa mali ya watu wa mwaloni: mvuvi anavua, mama anabanika, mchuuzi anapeleka Shinyanga na Tabora. Hakuna aliyekuja kuandika mradi. Usindikaji ulifanywa na wanawake kwa kuni, mapipa na akili yao.

Halafu vikaja viwanda vya minofu. Kenya walitangulia, Mwanza vilianza kuota mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya nchi kufungua milango ya uchumi. Hivi havikuwa vya serikali, vilikuwa vya watu binafsi, na ndiyo maana wengi husema hapa serikali haikuweka kitu. Si kweli. Fedha ya umma haiwekwi kwenye kuta tu. Inawekwa pia kwenye misamaha ya kodi kwa wawekezaji, wakaguzi wa samaki, maabara, barabara, mialo, na mikopo ambayo taifa zima hulipa. Mradi wa kuhifadhi mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, ulioanza mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia, ni mfano mmoja.

Ulaya ndiyo iliyotufundisha ukubwa wa mchango huo. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa kwetu kwa sababu ya kipindupindu, zuio likaondolewa katikati ya 1998. Machi 1999 likaja jingine, safari hii baada ya taarifa kutoka Uganda za watu kuvua kwa sumu. Tanzania ilifunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 2000. Katikati ya hapo viwanda vilisimama, vibarua walirudi nyumbani, na bei ya mvuvi ilianguka. Ili kurudi sokoni ilibidi mfumo mzima wa ukaguzi wa serikali ujengwe upya: mamlaka moja inayotambulika, mialo iliyoidhinishwa yenye sakafu na maji safi, maabara inayoaminika. Na maabara ile ipo wapi? Nyegezi. Mtaa ule ule.

Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu lilikuwa jambo lililofanyika vizuri. Nchi yetu iliweza, ndani ya muda mfupi, kujenga mnyororo wa baridi na usafi unaokubalika kwenye soko gumu kuliko yote. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatuwezi. Swali ni kwamba tuliweza kwa ajili ya mlaji gani. Mwalo wenye sakafu, barafu na mkaguzi ulikuwa wa samaki anayekwenda Ulaya. Samaki anayekwenda Buhongwa au Igoma aliendelea kushushwa mchangani.

Wale wa umri wangu na kaka zetu mnakumbuka zogo la filamu ya Hubert Sauper, "Darwin's Nightmare", iliyotoka mwaka 2004. Mwaka 2006 ikateuliwa kugombea Oscar, na mwaka huo huo Rais Kikwete akailaani hadharani. Wiki kadhaa nchi nzima ilijadili mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa. Je, watu wa Mwanza wanakula mapanki au ni ya kuku? Tulibishana kuhusu silaha kwenye ndege na kuhusu heshima ya taifa. Mimi naona ubishi ule ulikosa shabaha. Panki likikaangwa vizuri ni tamu na halina aibu yoyote. Aibu, kama ipo, iko kwenye swali ambalo halikuulizwa sana: kwa nini mtu anayeishi hatua mia mbili kutoka ziwani amebakiwa na panki?

Jibu liko kwenye bei na kwenye barafu. Mvuvi wa sangara hana barafu. Samaki akitoka majini saa inaanza kuhesabu. Anayemiliki barafu na boti ya kukusanya ni wakala, na mara nyingi huyo huyo ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu na injini. Mvuvi mwenye deni na samaki anayeoza hana ubavu wa kubishania bei wala mizani. Na hata baada ya kiwanda, minofu mingi ya Mwanza imekuwa ikisafirishwa kwa malori hadi viwanja vya ndege vya Nairobi na Entebbe, kwa sababu uwanja wetu kwa miaka mingi haukuwa na ndege za mizigo za kutosha wala miundombinu ya kuzivutia. Kwa hiyo hata tulipofanikiwa kusindika, sehemu ya thamani ilivuka mpaka ikiwa juu ya magurudumu.

Nimetaja mizani. Ziwa hili lina hadithi nyingine inayoanza na mizani, na ni ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma na Ukerewe waliuza pamba kwa wanunuzi wa viwanda binafsi vya kuchambulia, na walikuwa na hakika kwamba wanapunjwa kwenye kipimo. Hawakuanza kwa kuomba kiwanda. Walianza kwa kuweka watu wao na mizani yao kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na vuguvugu hilo kijana mmoja wa Mwanza aitwaye Paul Bomani, aliyekuwa akiendesha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini, akawaunganisha wakulima mwaka 1952, na mwaka 1955 ukazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipitia kwao, na walikuwa wanamiliki vinu vyao vya kuchambulia. Bomani akawa waziri wa kilimo, kisha wa fedha.

Tazama mpangilio: kwanza mizani, halafu chama, halafu ghala na usafiri, na kinu mwishoni. Serikali ya kikoloni, na baadaye ya uhuru, ilisaidia kwa sheria na mikopo, lakini msingi ulikuwa umeshawekwa na senti za wakulima wenyewe. Nyegezi ilikwenda kinyume: kiwanda kwanza, mengine yatafuata.

Sitaki kuuremba ushirika. Uliponona uliota wezi. Kamati Maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu wa kutosha katika vyama nchini, na muda mfupi baadaye serikali iliingilia uongozi wa VFCU, ambao mwaka 1968 uligeuka kuwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilifutwa kwa amri, mamlaka ya pamba ikachukua kazi. Vilirudishwa kisheria mwaka 1982, Nyanza ikaanza upya mwaka 1984, na soko huria la pamba la mwaka 1994 likamkuta mzee huyo na madeni na mitambo chakavu. Somo langu hapa ni dogo tu: kilichoharibika kilikuwa cha wakulima, na walijua kimeharibika. Kiwanda cha furu kilipokosa malighafi, ni nani kijijini aliyekuwa na la kusema?

Sasa tunafika kwenye samaki wa tatu, na hapa historia inaacha kuwa historia. Furu walipotoweka, dagaa alibaki. Huzaliana upesi, anakaa maji ya juu, na sangara hakummaliza. Leo ziwa zima linatoa takriban tani milioni moja za samaki kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni dagaa. Ukifika mwalo wa Kirumba utaona magunia yake yakipakiwa kwenda Kongo, kwenda mikoani, kwenda kila mahali. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Asubuhi anaanikwa, na wanaomwanika kwa sehemu kubwa ni wanawake.

Anaanikwa wapi? Mchangani. Mvua ikinyesha, mzigo umekwenda. Dagaa mwenye mchanga bei yake ni ndogo na mwisho wake mara nyingi ni chakula cha kuku. Dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja, juu ya wavu uliowambwa kwenye miti, ni msafi, anakauka upesi na anauzwa kwa ajili ya watu. Tofauti kati ya chakula cha mtoto na chakula cha kuku ni miti, wavu na paa la kukimbilia mvua. Si mtambo. Ni usindikaji wa chakula ambao hautaki mkandarasi kutoka nje, na labda ndiyo sababu hauvutii mtu wa kukata utepe.

Sangara naye amepungua. Viwanda kadhaa vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake, na ile operesheni ya mwaka 2018 ya kuchoma nyavu haramu wengi wetu tunaikumbuka. Ndiyo maana sera imehamia kwenye ufugaji. Januari 2024 Rais Samia alizindua hapa Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia sato kwa mikopo nafuu kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Safari hii mkopo unakwenda kwa vikundi na watu binafsi walio ziwani, na hilo ni jambo jema. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya ghuba ile ile ya furu, na lori halisubiri tena kivuko.

Lakini mfugaji yeyote wa vizimba atakuambia kinachomla ni chakula cha samaki. Sato wa kizimba anataka protini, na protini ya karibu kuliko zote ni dagaa aliyesagwa. Unaona tunakoelekea? Samaki mdogo wa bei ndogo, anayeliwa na watu wengi, yupo kwa tani nyingi. Kuna kiwanda kinachotaka kumsaga awe chakula cha kiumbe kingine chenye bei kubwa. Ni hesabu ile ile ya mwaka 1973, tofauti ni kwamba kuku amekuwa sato.

Sisemi vizimba vifungwe. Nasema kabla fedha haijatoka, maswali matatu yaulizwe kwa sauti bungeni na kwenye halmashauri zetu. Nani anamla samaki huyu leo, na kesho atakula nini? Shilingi ngapi zinakwenda kwenye mtambo, na ngapi zinakwenda kwenye vichanja, barafu na mizani ya mwaloni? Na samaki akipungua, nani ana haki ya kusema basi?

Mwaka 1973 hakuna aliyewauliza wala furu kama furu ni takataka. Dagaa wana walaji wengi zaidi, na wengi wao wana simu. Itakuwa vigumu kusema safari hii hatukujua.